Tulianza na kuku, tukarudi kwenye daftari: mwaka wetu wa kwanza wa kujitegemea nyumbani

Mwenye uzi

Habari zenu ndugu zangu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke pembeni aje ausome akitulia. Naandika kwa ajili ya familia ambayo leo usiku imekaa mezani inajiuliza, "Tuanzie wapi?" Sisi tulijiuliza hivyo mwaka mmoja uliopita, tukaanzia mahali pasipofaa.

Tuko sita ndani ya nyumba: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Mume wangu alipunguziwa siku za kazi, kipato kikashuka karibu theluthi moja. Hatukulala njaa, ila kila ikifika wiki ya tatu ya mwezi tulikuwa tunakopa ili tufike mwisho, na mwezi mpya ukiingia tunaanza kwa kulipa deni la mwezi uliokufa. Tukakubaliana kwamba nyumba hii ijilishe na kujihudumia kwa kadiri inavyoweza.

Tulikuwa na akiba kidogo. Tukaichota yote. Vifaranga 10, mbegu za aina 12, jembe jipya, reki, mpira wa kumwagilia, banda la kuku lililojengwa na fundi. Mama mkwe alituangalia tu. Alisema neno moja: "Mmeanza na harusi kabla ya uchumba."

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kifaranga wa kuku wa mayai hula wiki 18 hadi 24 kabla hajatoa yai la kwanza, na kwamba mpaka afike hapo atakuwa amemaliza chakula kati ya kilo 6 na 8. Zidisha mara 10. Tulikuwa tumeongeza midomo 10 kwenye nyumba iliyokuwa inashindwa kulisha sita. Mbegu tulizipanda zote wiki moja, bila kujua jua linapiga upande gani wa uwanja. Mwezi wa pili tukawa tunakopa ili tununue chakula cha kuku.

Nikawa nalala nikiwaza jinsi nilivyowahakikishia watoto kwamba mambo yatakuwa mepesi. Ndipo tulipowauza kuku saba, tukabakiza watatu, tukafunga mazungumzo yote ya bustani kwa mwezi mzima, tukanunua daftari la kurasa 96.

Ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni hiki: kabla familia haijajua kinachotoka nyumbani, haiwezi kujua izalishe nini. Naendelea chini.

Mwenye uzi

Daftari lilikaa juu ya friji na kalamu imefungwa kwa uzi ili isihamishwe. Kila aliyetumia pesa aliandika: tarehe, kitu, kiasi. Siku 30. Sharti likawa moja tu, na hili lilitoka kwa mume wangu: katika siku hizo 30 hakuna kumuuliza mtu kwa nini amenunua alichonunua. Hakuna kuguna, hakuna kutikisa kichwa. Nawaambia ukweli, bila sharti hilo daftari lingekufa siku ya nne. Nilikuwa tayari nina maneno mdomoni.

Pembeni ya jiko tukaweka ndoo ndogo ya chakula kinachotupwa, tukawa tunaipima kwa mizani kila jioni. Wali uliobaki, mkate uliokauka, mboga zilizooza chini kabisa ya friji, maziwa yaliyochacha.

Siku ya 30 tukakaa wote, mtoto mdogo akasoma na mkubwa akajumlisha. Mimi nilikuwa na uhakika kwamba tunamalizwa na umeme. Mume wangu alikuwa na uhakika ni nauli. Wote tulikosea. Pengo kubwa kuliko yote lilikuwa chakula cha kununua kikiwa tayari, zile jioni ambazo watu wamerudi wamechoka na hakuna aliyekuwa amefikiria tutapika nini. Na ndoo ilituonyesha kwamba karibu robo ya vyakula tulivyonunua ilikuwa inaishia kwenye takataka. Robo! Tulikuwa tumejenga banda ili tupate mayai, huku robo ya chakula tulicholipia inatoka kwa mlango wa nyuma.

Binti yangu wa miaka 14 ndiye aliyesema, tena kwa upole, "Mama, kumbe hatuna shida ya kulima. Tuna shida ya saa 12 jioni."

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kujitegemea kwetu ilikuwa kupanga chakula cha jioni. Haina picha nzuri ya kuonyesha watu, lakini ndiyo iliyotuondoa kwenye kukopa.

Mgeni wa Leo

Dada, hapo kwenye kupanga chakula naomba ufafanue. Sisi tumejaribu ratiba ya wiki mara tatu, kila mara inakufa Jumatano.

Mwenye uzi

Asante kwa swali, kaka. Na yetu ilikufa, mpaka tulipoacha kupanga siku saba. Tunapanga siku nne tu. Siku ya tano ni ya mabaki, ya sita ni ya kile kilichoiva bustanini au kinachokaribia kuharibika, ya saba mtu yeyote apike anachotaka kwa vilivyomo ndani. Ratiba yenye nafasi ya kupumua inaishi.

Tena tunaanza kwa kufungua kabati. Zamani nilikuwa naandika orodha ya kununua kwanza, narudi sokoni nakuta nina chumvi pakiti tatu. Siku hizi tunatazama kilichomo, tunaandika milo inayotokana nacho, kinachopungua ndicho kinachonunuliwa.

Maharage makavu yalitusaidia sana. Nayaloweka usiku, yakae saa 8 na kuzidi, asubuhi namwaga maji yale na kuweka mapya. Muda wa kupika unapungua kabisa. Napika ya siku tatu kwa mkupuo mmoja, nagawa kwenye vyombo, mengine yanaingia kwenye barafu. Zile jioni za uchovu zimepata jibu.

Sufuria Nyeusi

Naongezea kwenye maharage, maana kuna watu wataharibikiwa. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo haiondoki kwa moto mdogo. Lazima yachemke kwa nguvu, maji yanarukaruka, angalau dakika 10, ndipo upunguze moto. Yakikaa kwenye joto la chini tu muda mrefu bila kuchemka, mtu anakula anaishia kutapika.

Hili nalisema kwa sababu mimi napika kwa kapu lisilo na moto na huwa nawafundisha watu. Ni sanduku au kapu lililojazwa blanketi kuukuu, pamba au matambara, chini, pembeni na juu. Chakula kinachemka jikoni kwanza, maharage yaliyolowekwa dakika 15, wali dakika 5, halafu sufuria ikiwa imefunikwa vizuri inazikwa mle ndani. Joto halina pa kutokea, chakula kinaendelea kuiva chenyewe. Wali saa moja, maharage saa 4 na zaidi. Sufuria iwe imejaa, maana sufuria yenye chakula kidogo inapoa upesi. Na ukifunua ukakuta kimepoa na hakijaiva, kirudishe motoni kichemke tena, usikiache kikae vuguvugu.

Gesi yangu siku hizi inakaa karibu mara mbili ya zamani.

Mwenye uzi

Shangazi, nimekusoma mara mbili. Kapu hilo nalitengeneza wiki hii. Tuna blanketi lililochanika ambalo nilikuwa sijui nilifanyie nini.

Niendelee. Baada ya chakula tukahamia kwenye maji na umeme, na hapa nitakwenda haraka kwa sababu kazi yenyewe ni ya siku moja. Koki ya bafuni ilikuwa inadondosha. Kila mtu alikuwa anaisikia usiku na kugeukia upande wa pili. Mwanangu wa kati aliweka kikombe cha mililita 250 chini yake, kikajaa baada ya robo saa. Hiyo ni lita moja kwa saa, lita 24 kwa siku, zaidi ya lita 700 kwa mwezi, zinapita kwenye mita na tunalipia. Dawa yake ilikuwa kipande cha mpira ndani ya koki, kitu kinachotosha kwenye ncha ya kidole.

Choo pia kikaguliwe. Tia rangi ya chakula kwenye tangi, usivute maji dakika 15. Rangi ikionekana kwenye bakuli, tangi linavuja kimyakimya.

Umeme, mtoto mkubwa alitufundisha hesabu aliyojifunza shuleni: wati mara saa, gawanya kwa 1,000, unapata uniti. Tulikuwa na taa nne za zamani za wati 60, zinawaka kama saa 5 kila usiku. Tukaweka za LED za wati 9. Tofauti ni wati 51 kwa kila taa, na kwa taa nne ni kama uniti moja kwa siku, uniti 30 kwa mwezi. Friji tulijaribu kwa karatasi: unaibana kwenye mlango halafu unaivuta. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka na ubaridi unatoka. Wetu ulikuwa mchafu tu, tuliuosha kwa maji ya sabuni ukashika.

Mwisho wa mwezi wa tatu, kwa mara ya kwanza, wiki ya nne ilifika bila kukopa. Hatukuwa tumevuna hata jani moja.

Deni Halilali

Mkuu hongera. Lakini hujagusa madeni, na wengi wetu humu ndipo tulipokwama. Unaweza kuziba koki zote na bado riba ikakumaliza.

Mwenye uzi

Umesema kweli, na nilikuwa naliogopa eneo hilo kuliko yote. Tulikuwa na madeni manne. Tukayaandika kwenye ukurasa mmoja: tunadaiwa kiasi gani, riba yake kwa mwaka, tunalipa kiasi gani kwa mwezi. Mume wangu alikuwa na deni moja nisilolijua. Ilikuwa jioni ngumu. Sitaki kuipamba, tulinyamaziana siku mbili. Lakini sharti la daftari lilishika hata hapo: kwanza andika, lawama baadaye, na ikifika hiyo baadaye mara nyingi lawama imekwisha nguvu.

Kuna kanuni ya kukadiria ambayo ilitufungua macho. Chukua 72, gawanya kwa riba ya mwaka, unapata takriban miaka ambayo deni litajizidisha mara mbili ikiwa hulilipi. Riba ya asilimia 24 maana yake miaka 3. Riba ya asilimia 36, miaka 2. Tulipoona hivyo tukaacha kugawa malipo ya ziada kidogo kidogo kila mahali. Kila deni likapata kiwango chake cha chini, na kila kilichookolewa kwenye chakula na umeme kikaenda kwenye lile lenye riba kubwa kuliko yote. Najua wapo wanaoanza na deni dogo ili wapate moyo. Sisi moyo tuliupata kwa kuona ile riba inapungua. Kila nyumba ijue tabia yake.

Ila kabla ya hapo tuliweka pembeni kiasi kinachotosha chakula cha wiki mbili. Bila hicho, mtoto akiugua mnarudi palepale kukopa.

Kidole Kijani

Sasa dada tuje bustanini, maana ndiyo niliyofuata humu. Uwanja wangu ni mdogo, hatua tano kwa nne. Je, inafaa kujisumbua?

Mwenye uzi

Inafaa, ndugu yangu, kama utaanza na kidogo kuliko unavyotamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili familia za Marekani zilihimizwa kulima popote penye udongo, kukawa na bustani za nyumbani zinazokadiriwa kufikia milioni 20, na inakadiriwa zilitoa karibu asilimia 40 ya mboga zilizoliwa nchini mwaka 1943. Nyingi zilikuwa viwanja vidogo vya nyuma ya nyumba.

Safari ya pili hatukununua chochote kwanza. Jumamosi moja mama mkwe alikaa kwenye kiti uwanjani na watoto, wakawa wanachora jua lilipo kila baada ya saa moja. Tukagundua kwamba pale tulipopanda nyanya mwanzo panapata jua la muda wa saa 3 tu kwa siku. Nyanya, pilipili, maharage na maboga wanataka jua la saa 6 au zaidi kwa siku. Mboga za majani zinavumilia hata saa 3 au 4. Kumbe nyanya zangu hazikuwa na ugonjwa wowote. Zilikuwa gizani!

Halafu daftari likajibu swali la nini cha kupanda. Tukatafuta vitu tunavyonunua mara nyingi, vinavyoharibika upesi, na vinavyokua upesi. Majibu yakawa mboga za majani, majani ya kukolezea chakula na vitunguu vya majani. Hivyo tu. Viazi na nafaka tuliviacha, kwa sababu vinakula nafasi kubwa na vinanunuliwa kwa bei nafuu vikiwa vingi. Majani ya kukolezea chakula tulikuwa tunanunua fungu zima, tunatumia vijiti vitatu, mengine yanaingia kwenye ndoo ya takataka. Sasa mtoto anatumwa nje na mkasi.

Ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, zenye kina cha sentimita 20 hadi 30, zinatosha kabisa kwa hayo. Tunachuma majani ya nje, moyo wa mmea unabaki, na mmea uleule unatulisha wiki nyingi.

Kila wiki mbili tunapanda kidogo, sio vyote siku moja. Hili nalo tulilipa ada kulijifunza. Mwanzoni mwa safari hii ya pili tulivuna kapu tatu wiki moja, halafu mwezi mzima hatuna kitu.

Kidole Kijani

Na mbolea? Ya dukani imenishinda.

Mwenye uzi

Mboji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu niliiharibu vibaya.

Nilirundika maganda ya jikoni peke yake kwenye pipa na kufunika. Wiki ya pili ilinuka mpaka jirani akaja kuuliza kwa heshima kama tuna mnyama aliyekufa. Nilitaka kuacha. Mama mkwe akaingiza mkono mle ndani, mimi nimeziba pua, akasema, "Huyu analia njaa ya majani makavu."

Wadudu wadogo wanaoozesha wanahitaji chakula cha aina mbili. Kibichi, kama maganda, majani mabichi na samadi ya kuku, kina naitrojeni nyingi. Kikavu, kama majani makavu, nyasi kavu, vumbi la mbao na maboksi yaliyochanwa, kina kaboni. Wanaojua wanasema uwiano mzuri ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni, lakini kwa macho ya kawaida ni ndoo mbili au tatu za kikavu kwa ndoo moja ya kibichi. Unyevu uwe kama sponji uliyoikamua: ukiibana mkononi inalowesha bila kuchuruzika. Ikinuka, imezidi maji au imekosa hewa, ongeza vikavu na ugeuze. Ikikaa bila kubadilika, ni kavu mno, inyweshe.

Rundo likifika mita moja kila upande linapata joto lenyewe, hata nyuzi 55 na zaidi katikati, na joto hilo linaua mbegu nyingi za magugu. Letu ni dogo, halifiki huko, linachukua miezi mingi zaidi. Si neno. Nyama, mafuta na kinyesi cha mbwa au paka havitiwi.

Siku ya kwanza tulipoichekecha, ilikuwa nyeusi, inanukia kama msitu baada ya mvua. Robo ile ya chakula iliyokuwa inatoka kwa mlango wa nyuma sasa imebaki kidogo sana, na hicho kidogo kinarudi mezani kupitia udongo. Sikuwahi kufikiri nitafurahia udongo namna hii.

Chupa Tupu

Nawasalimu wote. Mimi mavuno yakizidi nachemsha maharage mabichi na mboga, natia kwenye chupa za vioo, nafunga moto moto, naweka kabatini. Miezi sita. Naona hamjalitaja hilo.

Sufuria Nyeusi

Mwanangu, simama hapo hapo. Nakuomba kwa moyo wote, usile hizo chupa na usimpe mtu.

Kuna bakteria wa udongoni ambao mbegu zao haziuawi na maji yanayochemka. Ukifunga chakula kisicho na uchachu ndani ya chupa isiyo na hewa, wanaamka na kutoa sumu ya botulizimu. Sumu hiyo inapooza misuli, hata ya kupumulia. Chakula kinaweza kisibadilike rangi wala harufu. Maharage, mboga na nyama vyote viko kwenye kundi hilo. Mpaka ni pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali zaidi): chakula chenye pH ya chini ya hapo, kama matunda mengi na achari ya siki iliyofuata vipimo, kinaweza kuchemshwa kwenye chupa kwa njia ya kawaida. Juu ya hapo panatakiwa chombo maalumu cha mvuke wenye shinikizo, kinachofika nyuzi 116 na zaidi, na muda uliopimwa kwa kila chakula.

Kausha, gandisha, au tia siki kwa kufuata kipimo kilichothibitishwa. Hizo za kabatini zitupe zikiwa zimefungwa, usizionje "kujaribu".

Chupa Tupu

Nimeshtuka. Zilikuwa 11. Zimeondoka. Asante shangazi, sikujua kabisa.

Mwenye uzi

Namshukuru Mungu umeandika hapa kabla ya kufungua nyingine. Ndiyo maana nawasihi watu wasione aibu kueleza wanachofanya.

Sisi tunakausha tu. Majani yanafungwa mafungu, yananing'inizwa kivulini penye hewa, yakivunjika kwa vidole yanaingia kwenye chupa kavu. Jua kali linayaondolea rangi na harufu.

Mgeni wa Leo

Na wale kuku watatu?

Mwenye uzi

Wapo, na wana majina ambayo watoto wamenikataza kuyaandika humu. Kuku mmoja hula kama gramu 110 kwa siku, kwa hiyo watatu ni karibu kilo 10 kwa mwezi. Wakiwa wanataga vizuri tunapata mayai kama 60 hivi. Kabla hujanunua kuku, chukua bei ya kilo 10 za chakula pale ulipo, linganisha na bei ya mayai 60. Hesabu hiyo ndiyo tungeifanya kabla ya kuita fundi wa banda. Kwetu inatoka sawa kwa sawa, faida inakuja kwenye samadi na kwenye wadudu wanaowamaliza bustanini. Jogoo hatuna, mayai ya kula hayahitaji jogoo. Na kuku hutaga vizuri zaidi miaka miwili ya mwanzo, baada ya hapo hupungua, hivyo familia izungumze mapema itakuwaje siku hiyo ikifika. Sisi bado hatujakubaliana. Mwanangu wa kati analia tukigusia.

Punje Moja

Dada, mbegu mnanunua kila msimu?

Mwenye uzi

Tulinunua mara moja. Mama mkwe ndiye mwalimu hapa, mimi naandika anayosema.

Angalia pakiti. Ikiandikwa F1 ni mbegu chotara: mmea utazaa vizuri, lakini ukichukua mbegu zake ukapanda tena, watoto hawafanani na mama. Nilifanya hivyo na nyanya, nikapata mmea mrefu, mfupi, wenye matunda kama golori na mmoja usiozaa kabisa. Tafuta mbegu zisizo chotara.

Anza na maharage na nyanya, maana maua yake hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Maboga ni kazi nyingine, nyuki hubeba chavua ya jirani na unaweza kuvuna kitu usichokijua. Maharage unayaacha yakauke kwenye mmea mpaka maganda yalie yakitikiswa. Nyanya unachagua ya mmea wenye afya kuliko wote, na hapa mama mkwe ananisisitizia: mmea, usitazame tunda kubwa peke yake. Unakamua mbegu na utelezi wake kwenye kikombe, unaacha siku 2 au 3 zichachuke, unaosha, unakausha kivulini kwenye sahani, si kwenye karatasi maana zinagandia. Kabla ya kupanda msimu mwingine, funga mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikiota 8, endelea. Zikiota 3, panda kwa wingi au tafuta nyingine.

Mwaka huu amempa kila mtoto bahasha yake. Amewaandikia yeye mwenyewe jina la mmea na mwaka, kwa mwandiko wake unaotetemeka. Ameandika pole pole sana jioni nzima. Nilikaa namtazama.

Fundi Bomba

Kuhusu maji, mmefikiria ya mvua? Hesabu ni rahisi mno: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 ni lita 1,000. Toa kama sehemu moja ya tano kwa yanayorukia nje na kupotea. Pima eneo la paa kwa chini, urefu mara upana, mteremko usiuhesabu. Maji ya mwanzo yaache yapite, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Funika pipa kwa wavu mdogo mbu wasizalie. Kwa kumwagilia na kufulia yanafaa, kwa kunywa mpaka yasafishwe ipasavyo.

Mwenye uzi

Kaka umetufungua. Tuna pipa la lita 200 lililokaa tu nyuma ya banda. Upande mmoja wa paa ni mita 6 kwa 4. Nitamwambia mume wangu.

Mwenye uzi

Narudi baada ya wiki mbili. Kapu la shangazi linafanya kazi, jana maharage yaliiva tukiwa wote nje ya nyumba. Deni la pili limekwisha.

Mfereji wa kupeleka maji ya paa kwenye pipa tuliufunga Jumapili, mume wangu juu ya ngazi, watoto chini wanashika. Leo alfajiri mvua imenyesha. Mwanangu wa kati alikuwa ameweka kopo lenye kuta wima uwanjani na rula ndani yake, akakimbilia nje bila viatu: milimita 15. Mita 24 za mraba mara 15 ni lita 360. Tukatoa sehemu ya tano, zikabaki 288, na pipa ni la 200. Tulisimama wote dirishani tukiangalia maji yanavyofurika kwenye ukingo.

Ameshaandika kwenye daftari, kwa kalamu nyekundu: pipa la pili.

Fundi Bomba, mapipa mawili yanaunganishwaje, kwa juu au kwa chini?

Fundi Bomba

Kwa chini, mama. Toboa yote mawili sentimita 10 kutoka sakafuni, unganisha kwa kipande cha mpira, yatajaa na kushuka pamoja. Yakae kwenye usawa mmoja, juu ya matofali, ndoo ipite chini ya koki. Na pipa la pili liwe na mdomo wa kufurikia, uuelekeze bustanini.